Nilivyomtafuta Mkwe Kwenye Mto wa Barafu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyafanya maji yawe mvuke, kisha mvua, kisha barafu ngumu kama jabali, na akamwacha mja wake mzee aishi mpaka aione hiyo ya tatu kwa macho yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na watu wa nyumba yake waliotakasika.

Baada ya hayo. Ndugu zangu wa Thorncliffe, nyinyi ninaokunywa nanyi chai baada ya sala ya Ijumaa, kila mmoja wenu ameniuliza habari ya safari yangu, na kila mmoja nimemjibu nusu. Mmoja alitaka kujua kwa nini niliondoka na suti nikarudi na mabaka ya mbu. Mwingine aliniuliza imekwenda wapi ile pete. Nimeona ni afadhali niandike mara moja, msome wote. Mengi sikuyaelewa yalipokuwa yakitokea, na machache siyaelewi mpaka leo. Nitayaeleza kama yalivyonijia. Binti yangu Batuli ameyasoma kabla yenu na ameniruhusu, ila amenitaka nifute mahali pamoja, nami nimefuta.

Siri ya Shemsa

Batuli ni mtoto wangu wa pekee. Tulimleta Toronto kutoka Tanga akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na leo ni mfamasia mwenye mvi mbili tatu ambazo hapendi nizitaje. Tangu mama yake alipotutangulia mbele ya haki, yeye ndiye anayenipigia simu asubuhi kuniuliza kama nimekula, na jioni kuniuliza kama nimekula tena. Basi aliposema, "Baba, majira haya ya joto twende Kaskazini tukaone barafu, tushuke na mto," nilikubali kabla hajamaliza. Safari za namna hiyo nilidhani nazijua. Mwenzetu mmoja alikwenda kuiona barafu akiwa ndani ya meli yenye lifti, mazulia na chakula saa zote. Nikapiga pasi suti yangu ya kijivu.

Siku chache kabla ya kuondoka alikuja dada yangu Shemsa kutoka Regent Park, na sahani ya katlesi. Shemsa akija na katlesi ana jambo.

"Kaka, nikikuambia kitu utaweza kunyamaza?"

"Wewe mwenyewe umeshindwa kunyamaza, mimi ndiye niweze?"

"Sikiliza basi. Katika hiyo safari yenu kuna mwanamume."

"Wanaume hawatakosa."

"Kuna mwanamume wa Batuli, Kaka! Anataka kumposa. Mzungu, lakini amesilimu, anasali, ana ndevu nzuri. Batuli amepanga kukujulisha naye huko huko safarini, umtazame kwanza. Ukiridhika ndipo alete wazee wake."

"Anaitwa nani?"

"Hapo ndipo Batuli alipokata simu, mteja ameingia dukani. Na ukimwonyesha kwamba unajua, mimi naye tumekwisha. Wewe mtazame tu. Nyamaza, umtazame."

Mnajua nyote, kwa kuwa watoto wenu nimewafundisha mimi, kwamba katika madhehebu yetu binti ambaye hajaolewa haozwi bila ya ridhaa ya baba yake. Jambo hilo nimelisomesha miaka mingi, na sikuwahi kuhisi uzito wake mpaka siku ile. Batuli alikuwa amengoja muda mrefu. Neno langu moja lingeweza kumfungulia au kumfungia, na nilitakiwa kulitoa kwa kumtazama mtu nisiyemjua, bila kumuuliza, bila yeye kujua kwamba natazama.

Nikaitoa pete kabatini. Ni ya fedha, yenye jiwe la akiki. Marehemu mke wangu aliinunua tulipokwenda ziara Mashhad, akaifunga kwenye kitambaa akasema, "Hii ni ya mume wa Batuli, yeyote atakayekuwa." Nikaivaa kidole cha mwisho, isipotee.

Kutoka Toronto mpaka Whitehorse

Uwanja wa ndege tulifika mapema mno. Batuli alikaa akiutazama mlango, na kila mwanamume mwenye ndevu alipoingia mimi nilijiweka sawa. Nawaambieni, sikujua kama wanaume wenye ndevu ni wengi hivi nchini Kanada. Mmoja alikuja moja kwa moja upande wetu akitabasamu. Nikasimama, nikanyoosha mkono. Akanipa wake, kisha akapita kumchukua mbwa wake aliyekuwa ndani ya kikapu nyuma yangu.

Walipoanza kuita abiria, simu ya Batuli ililia kidogo. Aliisoma. Akaisoma tena. Halafu akanigeukia.

"Baba, unataka turudi nyumbani?"

"Turudi wapi? Begi limeshaingia kwenye ndege."

"Ndiyo. Begi limeshaingia," akasema. Akanifungia kifungo cha koti, tukapanda.

Nilidhani ni hofu ya ndege. Nikamsomea dua kimoyomoyo, nikalala.

Vancouver tulikwama kwa sababu ya ukungu. Tulikula wali wa Kijapani uliopoa, mtamu kwa siki, na mama mmoja Mfilipino aliyekaa jirani akanipa nusu ya embe lake kwa kuwa, alisema, namkumbusha baba yake. Niliendelea kuchunguza ndevu. Batuli aliniuliza mara mbili ninatafuta nini, nikasema msala. Ndege ya pili ilipofika Whitehorse jua lilikuwa bado liko juu ingawa saa yangu ilisema watu wote wanapaswa kuwa wamelala. Nikaitikisa saa. Ilikuwa nzima.

Kutoka Whitehorse mpaka ukingoni

Asubuhi tulikutana na kiongozi wa safari, mwanamke mmoja mrefu aitwaye Dana, mwenye mikono kama ya seremala. Nikamuuliza kwa adabu meli imeegeshwa wapi.

Akanitazama, akamtazama Batuli.

"Meli hii hapa," akasema, akanionyesha mafurushi ya mpira yamekunjwa juu ya gari kama magodoro ya hospitali. "Tukifika tutaijaza upepo."

"Na vyumba?"

"Vyumba navyo tutavijaza upepo, Mzee. Vile vya kulalia."

Nikamtazama Batuli. "Wewe ulijua?"

"Nilikuonyesha picha, Baba."

"Picha ilikuwa ya mlima!"

Suti ikabaki hotelini pamoja na viatu vya ngozi. Nilivikwa suruali ya mpira mpaka kifuani na mabuti ya mpira mpaka magotini, na mifuko yetu ikahamishiwa ndani ya mifuko mingine isiyopitisha maji. Kisha Dana akaomba kila kitu chenye harufu kiwekwe kwenye sanduku la chuma, kwa ajili ya dubu. Nikatoa halua. Nikatoa dawa ya meno. Nikatoa kichupa changu cha uturi.

"Dubu anapenda uturi?"

"Dubu anapenda kila kitu," Dana akajibu, akalifunga sanduku.

Garini alituhesabu, akahesabu tena, akasema, "Tulikuwa tuwe kumi." Batuli akamwendea, wakanong'ona. Dana akamshika bega, tukaondoka. Jaketi moja la kuelea lilibaki bila mtu. Nikaona ni vizuri, la akiba.

Nyuma yangu alikaa mwanamume wa makamo mwenye ndevu za kahawia zilizochanwa vizuri. Aliniinamia akasema, kwa Kiswahili kabisa, "Shikamoo, Mzee."

Nikageuka mzima mzima. "Marahaba! Nani amekufundisha neno hilo?"

"Binti yako, sasa hivi, tulipokuwa tunapakia mizigo. Mimi ni Martin."

Nilimtazama Batuli. Alikuwa anatazama nje ya dirisha. Nikasema ndani ya nafsi yangu: haya ni mambo ya haya ya kike. Hawezi kumtaja mbele ya watu, amemfundisha shikamoo ili nijue. Nikashukuru kwamba nimepewa ufahamu.

Siku za kwanza majini

Mto ule ni wa rangi ya saruji iliyokorogwa. Barafu huko juu husaga miamba ikawa unga, na unga huo hushuka na maji, hata ukikaa kimya ndani ya boti la mpira unausikia ukikwaruza chini yako, kama mafuta yanayokaangia bajia katika chumba cha pili. Dana alikaa katikati ya boti letu akipiga makasia mawili marefu. Mbele kulikuwa na nafasi mbili na nyuma mbili. Batuli alikaa nyuma. Mimi nilichagua mbele, karibu na Martin, kwa sababu mnazozijua. Nafasi iliyokuwa pembeni mwa Batuli waliweka mfuko wa mahema.

Kila kitu kilinichanganya. Milima ilikuwa karibu, lakini tulielea asubuhi nzima bila kuifikia. Jua lilizunguka kana kwamba halitaki kuzama, na sala ya magharibi niliisubiri kama mtu anayesubiri basi kituo kisicho na basi. Hata kibla kilihama. Miaka yote Toronto tumesali kuelekea kaskazini mashariki. Kule simu ya Batuli ilionyesha kaskazini moja kwa moja, kwenye ukuta wa mwamba wenye theluji. Nilimwambia aizime, aiwashe tena. Ikaonyesha kule kule. Batuli akachora duara kwenye mchanga, akanionyesha kwamba dunia ni mviringo na kwamba kutoka huko njia fupi ya kwenda Makka hupita juu ya kichwa cha dunia. Nikasujudu kuelekea barafu, nikiwa na udongo wangu wa kusujudia mfukoni, na nikahisi kama naanza dini upya.

Kulikuwa na kanuni nyingine. Dana alitangaza kwamba haja ndogo lazima tuifanye mtoni, ndani ya maji yenyewe, si vichakani. Mimi ambaye nimewakanya watoto wenu maisha yangu yote wasithubutu kufanya hivyo katika maji yanayopita! Akaeleza kwamba mto ni mkubwa mno na ufukwe ni mdogo, harufu ikibaki ufukweni huvuta wanyama na kuwaudhi watakaokuja baada yetu. Nikaona hoja yake ni ya kujali wenzake, na dini haipingi hilo. Lakini mwili ulikuwa bado haujashawishika. Nilikuwa natembea mbali na kopo langu la maji, mbali zaidi, mpaka Dana akaniita kwa firimbi kwamba huko kuna nyayo za dubu. Basi Martin akajitolea kunisindikiza ukingoni, akasimama amenipa mgongo, akiimba kwa sauti ili mimi nisione haya na dubu asije. Nikasema: ana adabu. Hilo la kwanza.

La pili, bia. Wenzetu walizifunga kwenye wavu zikapoa mtoni, na jioni wakanywa. Martin alikataa, akanywa chai nami. La tatu, asubuhi Dana alikaanga nyama ya nguruwe. Batuli na mimi tulikula samaki wa tuna na mkate, na Martin akatusogelea, akaomba tuna.

Na la nne ndilo lililonimaliza. Nilitoka hemani baada ya sala ya alfajiri, nikamwona Martin amesimama peke yake ufukweni, mbali na mahema. Alikuwa amenipa mgongo. Amevua mabuti, amesimama juu ya turubai dogo. Na alikuwa ameelekea kaskazini, kibla chenyewe, hata upana wa kidole hakupinda kulia wala kushoto. Nikamwona akiinua mikono miwili mpaka usawa wa masikio, akatulia, akaishusha ubavuni kama tunavyoishusha sisi. Akatulia. Akaiinua tena.

Machozi yalinitoka. Sikutaka kumkatiza mtu katika sala. Nikarudi hemani kwa ncha za vidole.

Upepo

Halafu ukaja upepo kutoka mbele, mkali, ukitupuliza kurudi tulikotoka. Dana alivuta makasia mpaka uso ukawa mwekundu, boti lisisogee. Tukavuta ufukweni, tukangoja, siku hiyo na iliyofuata. Wengine walilalamika. Mimi nilishukuru, kwa kuwa sasa ningeweza kumhoji.

Dana alikuwa anaoka mkate ndani ya chungu cha chuma, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, vile vile mama zetu walivyokuwa wakioka mkate wa kumimina. Tulikaa hapo kwenye joto. Batuli alikuwa amelala hemani. Alilala sana safari ile.

"Martin, wazazi wako wako hai?"

"Mama yuko. Anakaribia umri wako, Mzee, na ni mbishi."

"Mama mbishi ni baraka. Na kazi yako?"

"Natengeneza vinanda vya makanisani."

Nikameza chai. "Bado?"

"Bado. Kwa nini nisiendelee?"

"La, la. Mambo huenda polepole," nikasema. "Mtu hawezi kubadilisha kila kitu kwa siku moja."

"Ni kweli kabisa," akasema, ingawa alionekana kufikiri. "Daktari wangu naye ananiambia hivyo hivyo."

"Na Toronto unaionaje? Ungeweza kuishi?"

Akacheka. "Toronto? Hata unilipe. Nina shamba dogo Saskatchewan, jirani yangu wa karibu simwoni hata kwa darubini."

Hapo usingizi ulinipotea. Mtu mwema, lakini atamchukua mwanangu mpaka mahali pasipo hata jirani. Nani atanipigia simu kuniuliza kama nimekula? Nikajiona mbinafsi, nikaomba msamaha kwa Mola. Nilishika tasbihi nikafanya istikhara, kumwomba Mola anichagulie. Ikatoka katikati, si ndiyo wala si hapana. Sijawahi kupata jibu lililonichanganya zaidi. Nikatoka nje, nikawaona Martin na Batuli wamekaa juu ya gogo wakizungumza taratibu, naye Batuli anamwonyesha kitu kiganjani, na kwa mara ya kwanza tangu Toronto alikuwa anatabasamu.

Nikaamua. Tabasamu lile lilitosha. Kama ni Saskatchewan, iwe Saskatchewan.

Ziwa la vipande vya barafu

Karibu na mwisho wa safari mto unaingia ziwani. Ziwa lile siwezi kulieleza vizuri. Barafu inashuka kutoka milimani mpaka majini, imesimama kama mtaa mzima wa maghorofa yetu ya Thorncliffe, rangi ya bluu ndani yake kama taa imewashwa. Mara ghorofa moja linaanguka. Unaliona likianguka kimya, na sauti inakuja baadaye, kama radi iliyochelewa kuamka. Vipande vinaelea kila mahali. Tulipita katikati yake, na Dana akaokota kimoja akatutilia kwenye vikombe. Nilikunywa nikasema Alhamdulillahi, kisha nikaumwa na jino.

Jioni ya mwisho, jua likiwa bado kwenye vilele, Dana alipika samoni juu ya moto, akatuambia desturi yao: kila msafiri aseme neno moja kabla ya kuagana. Wengine walishukuru, wengine wakatania. Ilipofika zamu yangu nilisimama. Nilielewa kwamba Mungu ameniandalia baraza.

"Nilikuja hapa kutazama," nikasema kwa Kiingereza changu, "na nimetazama. Martin, nimekuona unaamka mapema. Nimekuona mvumilivu na mwenye haya. Marehemu mke wangu aliacha amana kwa ajili yako bila ya kukujua. Pokea."

Nikaivua pete, nikamvalisha kidole kidogo, nikapaza sauti kumsalia Mtume na jamaa zake. Watu wakapiga makofi. Martin alifuta macho kwa kiganja, akasema hakuna mtu aliyewahi kumpa zawadi kama ile, akanikumbatia mpaka jaketi likalia.

Nilipomtafuta Batuli, alikuwa ameweka sahani chini na anatembea kuelekea majini.

Nikamfuata. Alikuwa amesimama mbele ya kipande cha barafu kilichokwama ufukweni, kikubwa kama gari.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimeridhia."

"Umeridhia nini?"

"Akuoe. Shemsa aliniambia, usimkasirikie, ni furaha ilimzidi. Nimemtazama, mwanangu. Ni mtu mwema. Saskatchewan si mwisho wa dunia."

"Anioe nani? Martin?" Macho yalimtoka. "Baba, Martin ana mke! Mke wake anaogopa maji, ndiyo maana hakuja. Ana mjukuu!"

"Lakini anasali."

"Anasali wapi?"

"Alfajiri, ufukweni. Ameelekea kibla. Anainua mikono hivi," nikamwonyesha.

Alinitazama nikiwa nimeinua mikono. Kisha akaanza kucheka, akajishika magoti.

"Anatazama mbuzi, Baba! Wale weupe wa mwambani. Ile ni darubini!"

"Na bia?"

"Anatumia dawa za moyo. Mimi ndiye niliyemwambia asichanganye na pombe. Kila siku ananiuliza habari za vidonge vyake."

"Na nguruwe?"

"Moyo, Baba. Daktari kamkataza mafuta. Yote ni moyo."

Tulicheka wote wawili, na mimi nilicheka kwa aibu. Halafu nikauliza swali ambalo mtu mwenye akili angeliuliza Toronto.

"Sasa mwenyewe yuko wapi?"

Kicheko chake kikakatika. Nyinyi mnawajua watoto wetu wa hapa. Unawasemesha Kiswahili, wanakujibu Kiingereza, na Batuli ni hivyo hivyo. Maneno yake yote niliyoandika mpaka sasa nimeyageuza mimi. Lakini pale alinijibu kwa Kiswahili, kile cha Tanga, cha mama yake.

"Hakuja. Tulipokuwa pale uwanja wa ndege aliniandikia kwamba hawezi. Hakusema dini, wala hakukusema wewe. Ameogopa tu, Baba. Mimi nilikuwa namwekea kiti."

Jaketi lisilo na mtu. Hesabu ya Dana. Unataka turudi nyumbani? Yote yalirudi kwa mpigo, na ghorofa la barafu likaanguka huko ng'ambo, nikasikia kishindo chake baada ya kuwa limekwisha kuanguka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi. Ulikuwa umepiga pasi suti."

Miaka mingi nimefundisha subira, na aya zake nazijua kwa mpangilio wake. Pale sikumsomea hata moja. Nilikaa juu ya mawe, yenye baridi mpaka mfupani, naye akakaa. Akaniwekea kichwa begani kama alipokuwa mdogo. Dana alikuja kutufunika blanketi, akaondoka bila kuuliza.

Kurudi

Asubuhi Martin alinijia akiwa na pete kiganjani. Batuli alikuwa amemweleza.

"Mzee, sijawahi kuheshimiwa hivi," akasema. "Lakini nikirudi na pete hii mke wangu atanirudisha mtoni bila boti."

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikutazama vibaya."

"Hapana. Kwamba mimi ni mvumilivu, nitamwambia mke wangu uliona mwenyewe. Yeye hajawahi kuliona."

Nikamwombea afya ya moyo wake, na kila nikikumbuka bado namwombea. Mtu yule hakuwa mkwe wangu, lakini yote niliyoyasema juu yake yalikuwa kweli. Hilo ndilo mojawapo ya mambo nisiyoyaelewa mpaka leo.

Kilibaki kipande kimoja cha mto, kutoka ziwani mpaka kwenye uwanja wa changarawe ambako ndege ndogo ingetuchukua. Tulipopanda boti Martin alinisogezea nafasi yangu mbele. Nikamshukuru, nikaenda nyuma. Nikautoa ule mfuko wa mahema pembeni mwa Batuli, nikamkabidhi Dana, nikakaa mimi. Safari nzima nilikuwa nimempa mwanangu mgongo nikimtafutia mtu wa kukaa naye, na pahali penyewe palikuwa wazi.

Tulipokuwa tunaelea nikamfungulia kiganja, nikamwekea pete.

"Baba, tafadhali. Si sasa."

"Sikiliza kwanza. Ridhaa yangu nimeshaitoa jana mbele ya watu, na sitaki kuirudisha mfukoni. Iko kwako. Siku utakapomwona mtu anayestahili, utamvisha wewe. Akitokea, nimeridhia. Asipotokea, nimeridhia vile vile. Sitakuwa kufuli mlangoni kwako."

"Hata kama anatengeneza vinanda vya makanisani?"

"Hilo tutaliuliza," nikasema.

Akacheka, akaifunga pete ndani ya ngumi. Chini yetu unga wa mawe uliendelea kukwaruza mpira. Nilitaka kumuuliza kama amekula, lakini nilikuwa nimemwona akila.

Basi nyinyi mliouliza habari ya pete, jibu ndilo hilo. Iko kwa Batuli, ndani ya kile kile kitambaa cha mama yake. Sijui atamvisha nani wala lini, na nimekatazwa kuuliza. Shemsa amesamehewa, baada ya sahani nyingi za katlesi. Suti ilirudi kutoka Whitehorse haina hata kunyanzi moja.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulinde uwapo majini na uwapo nchi kavu, akupe macho ya kumwona aliye karibu nawe kabla ya kumtafuta aliye mbali. Na siku ambayo kiti cha pembeni mwako kitabaki kitupu, akuletee mtu wa kuuondoa mfuko na kukaa. Amin.